Nyumbani kwa Mama Eliya Wako Wangapi

Siku niliporudisha ufunguo wa ofisi, dada wa mapokezi alinipa karatasi nisaini kwamba nimeurudisha. Niliisoma mara mbili, kisha nikaigeuza kuona kama nyuma kuna maandishi mengine. Akacheka. "Mama, ni ufunguo tu." Nilitabasamu kwa heshima, lakini sikusaini mpaka nilipomaliza kuisoma mara ya tatu.

Wadogo zangu mnaobaki kazini, mmeniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kuwatafutia watoto wetu njia ya kwenda chuo bila kuwavunja migongo wazazi wao. Namshukuru Mungu aliyenipa afya ya kuifanya kazi hii katika miji mitatu. Ila sitaki kuwadanganya: nimeifanya kwa hofu. Sisemi ile hofu ya Mungu niliyofundishwa kwenye chuo cha Biblia kule Kigoma, ambayo humtuliza mtu. Nasema hofu ya karatasi, kwamba nitaandika neno moja vibaya na nyumba ya mtu itaanguka. Aliyeishi kambini anaielewa. Kule karatasi ilikuwa unga, ilikuwa hema, ilikuwa ruhusa ya kutoka nje ya geti. Ukiipoteza au ikilowa mvua, unalala njaa na watoto wako.

Nilianza Louisville mwaka 2013. Kabla ya hapo nilikuwa nafungasha vifurushi ghalani, mpaka magoti yakakataa. Ofisi ndogo ya kuwahudumia wageni wapya ilikuwa inatafuta mtu mzima anayejua Kiswahili na Kirundi, anayeaminika kanisani na asiyechoka kusubiri. Kusubiri nakujua. Nilitoka Burundi nikiwa msichana, nikasubiri Tanzania miaka thelathini na mitano.

Siku ya kwanza nilipewa meza katika chumba cha chini cha kanisa, kompyuta iliyong'oka herufi R, na familia tatu zilizokaa na makoti mwilini kama watu walio kituoni. Jaribu kuandika majina ya Warundi bila R, utaniambia. Kazi yenyewe ilikuwa kuwajazia fomu ya serikali ambayo watoto wote wanaiita fafsa. Kwa fomu hiyo serikali huangalia kipato cha wazazi na idadi ya watu wa nyumbani, kisha huamua mtoto asaidiwe kiasi gani kulipia chuo. Asiyeijaza hukuta karibu kila mlango mwingine umefungwa.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Achieng, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi kabla yangu. Hakuwa na semina. Alikaa pembeni yangu akinitazama kama mama mkwe anayetazama ugali ukisongwa.

"Mama, geuza kiti," aliniambia. "Wewe unaangalia screen. Kaa mahali unaona uso wa mzazi. Screen haiwezi kukimbia, mzazi anaweza."

Alinifundisha kwamba bei ya chuo iliyoandikwa kwenye kijitabu ni kama bei ya kwanza sokoni: ni ya mgeni asiyeuliza. Muulizeni mtoto kama sekondari yake ina masomo yanayohesabiwa chuoni, ayachukue sasa, bure. Kama anaweza kuanza chuo cha miaka miwili cha jirani, akilala kwao na kula kwao, kisha ahamie chuo kikubwa na masomo yake yakubaliwe, mshaurini hivyo, lakini aulize kwanza masomo gani yatakubaliwa, maana wengine wamehama wakaanza upya. Ombeni ada ya maombi ifutwe. Wengi hawajui kwamba inaombeka. Msaada usiorudishwa kwanza, kazi ndogo za chuoni baadaye, mkopo mwisho kabisa. "Loan ni mgeni anayekuja na godoro lake," Achieng alisema. "Ukiona godoro mlangoni, ujue haondoki kesho."

Baba wa kwanza niliyemhudumia alileta ule mfuko mweupe wa plastiki tuliopewa uwanja wa ndege siku ya kusafiri, wenye karatasi zote za familia. Hakuniachia hata moja. Alishika pembe ya kila karatasi huku mimi nikisoma upande wa pili, tukawa tunavutana kistaarabu. Tulipofika mwisho, fomu inaonya kwamba anayesema uongo kwa makusudi anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili. Nikamtafsiria neno kwa neno. Yule baba akarudisha karatasi zake mfukoni moja moja, akafunga mfuko, akaondoka na binti yake.

"Mama, ilikuwa lazima uisome hivyo?" Achieng aliuliza.

"Ni lazima wajue."

"Yes, wajue. Lakini umemsomea kama hakimu. Hata mimi nimetafuta mlango."

Baba yule alirudi baada ya wiki mbili, binti akaenda chuo. Mimi nilijifunza kulisoma onyo lile kwa sauti ya kawaida. Hofu yenyewe sikuiacha, nilijifunza tu kutoisambaza.

Mwaka uliofuata binti yangu alihamia Columbus nami nikamfuata, kwa sababu alikuwa amejifungua. Nilipata kazi kama ileile. Familia zetu nyingi zilikuwa zimepanga mtaa wa Linden, ambako nyumba ni za zamani na kodi ina huruma kidogo. Nitawasimulia kosa moja la Linden, kwa kuwa ndilo lililonifuata Buffalo.

Mama mmoja Mrundi, tumwite Mama Jean, alikuwa na kijana wa miaka kumi na minane aliyependa hesabu. Enzi hizo mvulana hakupata msaada wa chuo bila kuandika jina lake kwenye orodha ya serikali ya vijana wa kiume. Nikamweleza.

"Orodha ya nini, Mama Mwinjilisti?"

"Ni sheria tu, kila kijana wa kiume hapa anajiandikisha. Haimaanishi anaitwa."

"Anaitwa wapi?"

"Ikitokea vita," nikasema, kwa sauti ndogo.

Alisimama. "Nimekimbia vita mara mbili na huyu mgongoni. Leo nimsindikize mwenyewe?"

Hapo nilikosea. Nilicheka. Nikamwambia, "Mama Jean, tuko Ohio, nani atapigana Ohio?" Nilidhani namtuliza. Kumbe nilikuwa nimeichekea hofu ya mwanamke aliyezika ndugu zake. Alimchukua mwanawe na hawakurudi. Jean hakujiandikisha, msaada ukakataliwa, akaenda kupanga maboksi ghalani. Nikikutana na mama yake hunisalimia vizuri sana, na ile salamu nzuri ndiyo inayoniumiza. Kanuni niliyoipata pale ni fupi: mtu akiogopa, vuta kiti ukae naye. Usicheke, na usimwambie hakuna kitu.

Nilifika Buffalo mwishoni mwa 2015. Ofisi ilikuwa mtaa wa Kensington-Bailey, juu ya duka la viatu, na jiko la umeme lililopasha miguu tu. Theluji ya kule sitaieleza. Anayeijua hahitaji, na asiyeijua hataamini. Kanisani tulikuwa Wakongo wengi na Warundi wachache, na hapo ndipo nilipoifahamu familia ya Mama Eliya.

Walikuwa Wakongo wa Fizi waliokaa kambini Kigoma kama sisi. Baba Eliya alifanya kazi kiwandani Tonawanda, zamu ya mchana. Mama Eliya alihudumia wazee majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha. Binti yao Sifa alikuwa anamaliza sekondari, na chuo kimoja cha mjini kilikuwa kimemkubali kusomea uuguzi. Angelala nyumbani na kwenda kwa basi. Tulikuwa tumepiga hesabu: msaada wa serikali, wa jimbo na wa chuo vikiungana, angesoma bila mkopo. Vyote hivyo vilitegemea fafsa. Bila msaada, baba yake alikwisha sema, Sifa angeingia naye kiwandani.

Niliijaza fomu kwao, Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Sifa alikuwa kwenye kompyuta, mimi nikauliza maswali. Ukutani palikuwa na picha ya mvulana mwenye shati la shule. Nikadhani ni Eliya alipokuwa mdogo, na kwamba Eliya mwenyewe, sasa mtu mzima, amelala chumbani baada ya zamu.

"Tuhesabu watu," nikasema. "Baba na Mama, wawili. Eliya, Sifa, Mapendo, Wilondja, Baraka. Saba."

Hakuna aliyepinga. Baba Eliya akasema tu, "Na mama yangu."

"Bibi yuko hapa?"

"Iko Kigoma, ku kambi. Lakini kula yake inatoka ku mukono yangu. Donc, ni mutu wa nyumba."

"Baba Eliya, fomu inahesabu jamaa kama yeye akiwa anaishi hapa ndani."

"Bon. Sasa nimutupe?"

"Hatumtupi. Hatumwandiki tu."

"Kutupa na kutoandika, ku kambi ilikuwa kitu moja."

Tulibishana juu ya bibi yule karibu nusu saa, kwa upole, chai ikipoa. Mwishowe alikubali. Nilirudi nyumbani nikijisifu moyoni kwamba nimesimamia ukweli. Nilihangaika sana kumtoa bibi aliye hai, nisione kwamba nimemwingiza mtu mwingine.

Mwezi wa nne Sifa alikuja ofisini na barua ya chuo. Fomu yake ilikuwa imechaguliwa kuhakikiwa. Hilo ni jambo la kawaida, huchagua wengi. Walitaka karatasi yenye jina, umri na uhusiano wa kila mtu wa nyumbani, na saini ya Sifa na ya mzazi mmoja. Walikuwa wamempa majuma mawili. Nikaanza kuijaza. Baba, Mama.

"Eliya ana miaka mingapi?"

Sifa akajibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea, kwamba ana miaka tisa. Akajisahihisha: alikuwa nayo.

Niliweka kalamu chini. "Alifariki lini?"

Kambini, alisema. Malaria. Sifa mwenyewe alikuwa na miaka saba.

"Mwanangu, uliiona ile saba kwenye kompyuta. Kwa nini hukusema?"

Safari hii alijibu kwa Kiswahili. "Bibi, kwetu hakuna mtu anasemaka sita."

Sasa niwaeleze ninyi mliozaliwa huku. Kwetu mwanamke akizaa, anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo ni lake mpaka aingie kaburini. Mtoto akitangulia, hatulichukui. Ukimuuliza ana watoto wangapi, hatoi aliyekufa kwenye hesabu. Atakwambia watano, na ukiwa mtu wa karibu ataongeza kwamba mmoja ametangulia. Mimi nilimwita Mama Eliya kila Jumapili, nikamhesabu Eliya kwa sababu ya jina la mama yake. Nilikuwa nimetia marehemu kwenye fomu ya serikali, na binti mtulivu akabonyeza kitufe cha kuituma.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Sifa. Kambini niliwahi kuwa karani wa mgao wa chakula, miaka minne. Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi: tundu moja, mgao umechukuliwa. Nilitoboa kadi nyingi za watu wanane nikijua walio hai ni saba. Sikuuliza. Unga wa marehemu ulikuwa unawaweka hai wadogo zake, nami nikiuliza ningekuwa nimeupora. Sikujua kwamba kutouliza kule kulikuwa kumegeuka tabia, na kwamba nimevuka nayo bahari.

Basi hofu ikanishika ambayo sikuwahi kuipata hata njiani tukikimbia Burundi. Niliona faini, niliona pingu. Nilimwona Baba Eliya akirudishwa alikotoka na watoto wanne nyuma yake, kwa ajili ya kalamu yangu. Na hofu ilipokomaa ilinipa shauri. Ilisema: andika Eliya, miaka ishirini, anafanya kazi ghalani. Nani atakuja Kensington-Bailey kumtafuta? Wazo hilo lilinijia kwa sauti tulivu kabisa. Nilimwambia Sifa aende, nikafunga mlango, nikapiga magoti yangu mabovu karibu na lile jiko la umeme. Nilisema tu, Bwana, nishike mkono huu, usiandike.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwao, nikawaeleza yote, nikianza na kosa langu.

Baba Eliya alishika kichwa. "Tukisema kweli, watauliza: juu ya nini mulidanganya? Wakianza kuuliza, watafungua kila karatasi tulisaini tangu ku kambi. Bon, tumekwisha."

"Tukinyamaza Sifa anapoteza nafasi," nikasema. "Na tukiandika uongo mara ya pili, huo sasa si kosa tena, ni dhambi. Karatasi hii lazima iwe na watu sita, na mmoja wenu aende chuoni kuisaini mbele yao. Wewe una zamu ya mchana, na ofisi yao hufungwa jioni. Amebaki Mama."

Mama Eliya alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakusimamisha mikono.

"Mimi siwezi kumutosha mutoto yangu mu karatasi," alisema; kwao kumtosha mtu ni kumtoa. "Alisha kufa mara moja. Munataka miye njo nimuue ya pili?"

"Mama Eliya, hakuna anayemuua."

"Unaona? Umeniita nani?" Akanyanyua uso. "Watu bote bananiita Mama Eliya. Nikisaini hii, mimi ni mama wa nani?"

Nimefundisha watu Neno miaka mingi, nikaangalia karatasi badala ya uso wake. Sifa alisimama akasema kwa Kiingereza kwamba yaishe, si kitu, ataenda kiwandani na baba yake. Alisema kwa sauti nyepesi, ya kumponya mama yake. Nikamwona Jean wa Linden amesimama pale na maboksi yake.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu na Mama Eliya. Nilichukua fulana moja ya mtoto nikaanza kukunja nami. Tulikunja mpaka kikapu kikaisha. Kisha nikamwambia, "Hata mimi naogopa. Twende wote watatu, mimi, wewe na Sifa. Nitaanza mimi kusema kwamba namba niliiandika mimi. Kama kuna mtu wa kufungwa, awe mwenye magoti mabovu, hatawasumbua kwa kukimbia."

Baba Eliya alicheka bila kupenda. Mama Eliya hakucheka. Alisema, "Nitafika. Kusaini, siahidi."

Tulikwenda siku ya Jumanne, majuma mawili yakikaribia kuisha. Kwenye basi la Bailey Mama Eliya alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani chini ya koti, na mfuko mweupe wa plastiki mapajani. Nje barafu ilikuwa haijayeyuka. Katika chumba cha kusubiri niliangalia kila aliyeingia kama ana bunduki kiunoni. Mmoja alikuwa nayo. Alikuwa mlinzi, akatuuliza kama tumeshapata namba ya foleni.

Aliyetupokea ni mzee mwenye sweta ya kijani na miwani iliyoshuka puani. Nilianza kuongea kabla hajaketi vizuri. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kwamba namba saba ni yangu, si ya wazazi wala ya binti. Kwamba kuna mtoto aliyefariki zamani ambaye nilimhesabu kwa kutojua. Kwamba kama kuna adhabu, jina langu ni hili. Nikampa na kitambulisho.

Alikitazama kitambulisho, akanirudishia. "Mama," alisema, "kisanduku hiki ndicho kinachokosewa kuliko vyote. Kuna baba alimhesabu mbwa." Alichukua kalamu, akakata saba kwenye nakala ya fomu iliyokuwa mbele yake, akaandika sita. Akapiga hesabu upya kwenye kompyuta. Kwa kipato chao, akasema, msaada unabaki uleule.

Nilikaa nikiitazama ile saba iliyokatwa. Siku zile zote za kukosa usingizi, na msaada haukusogea hata kidogo. Nilitaka kucheka, nikakumbuka Linden, nikajizuia.

"Inahitajika saini ya mzazi tu," alisema, akasukuma ile karatasi ya majina mbele ya Mama Eliya. "Nikiipata leo, msaada unafunguliwa na nafasi ni ya binti yako. Ijumaa ndiyo mwisho wangu."

Nikatafsiri. Mama Eliya aliitazama karatasi. Majina ya watoto yalikuwa manne, Sifa akiwa wa juu. Sifa alikuwa ameketi akiwa ameshika mshipi wa begi lake kwa mikono miwili.

"Tuombe kwanza," Mama Eliya alisema.

Nikamweleza yule mzee. Akavua miwani, akasubiri. Niliomba kwa ufupi, na nilipofika kuwaombea watoto, Mama Eliya alinikatiza. Aliwataja mwenyewe, polepole, kila jina peke yake.

"Eliya. Sifa. Mapendo. Wilondja. Baraka."

Tukasema amina. Nilipofumbua macho, mzee alikuwa amerudisha miwani, na kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye orodha. Hakujua Kiswahili, lakini majina ni majina.

"Nimesikia watano," alisema. "Hapa wapo wanne."

Nilidhani tumeanguka mlangoni kabisa.

"Anasema nini?" Mama Eliya aliuliza.

"Anasema amesikia watano."

"Mwambie amesikia muzuri."

Ningeweza kulainisha. Mkalimani ana njia nyingi za kulainisha. Nikalisema kama lilivyo.

Mzee alimtazama Mama Eliya, si mimi. Kisha akageuza karatasi kidogo, akaweka kidole kwenye maandishi ya juu. "Nisomee hapa," aliniambia, "umsomee na yeye. Inauliza wanaoishi nyumbani mwaka huu. Haiulizi zaidi ya hapo."

Nikamsomea, kwa sauti ya kawaida. Alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Haiulize mimi nimezaa wangapi?"

"Haiulizi."

"Haiulize mimi ni mama wa nani?"

"Haiulizi, Mama Eliya."

Alichukua kalamu. Aliandika jina lake la ubatizo kwa herufi kubwa, moja moja, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, na lilipita mstari waliompa. Mzee aligonga muhuri. Sifa aliachia mshipi wa begi, nikaona vidole vyake vimebaki na alama.

Hatujafika kituo cha basi, simu ya Mama Eliya ililia. Ilikuwa mapumziko kiwandani, mashine zinavuma nyuma. Akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi.

"Wametufunga?" Baba Eliya aliuliza.

"Hapana. Sifa atasoma."

"Bon. Na Eliya? Wamemutosha?"

Mama Eliya alihamisha ule mfuko mweupe kwapani, akaivuta simu karibu na mdomo.

"Eliya iko," alisema. "Kula, utachelewa ku mashine."